Laptopu inaleta nembo kisha inajirudia: usikubali kupigiwa Windows kabla hujatoa mafaili

SWALI: Kaka, habari za kazi. Mimi ni karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha kuuza mazao ya wakulima, huku Tandahimba. Laptopu ya ofisi ni HP EliteBook 840 G3, tuliinunua ikiwa imeshatumika. Betri yake ilikufa zamani, tunaitumia kwa umeme wa moja kwa moja. Juzi jioni nilipoizima ikaandika kwamba inafanya apdeti, nisiizime, na hapohapo umeme ukakatika. Tangu siku hiyo ukiiwasha inaleta nembo ya HP, nukta zinazunguka, inaandika "Preparing Automatic Repair", skrini inakuwa nyeusi, halafu inaanza upya. Mara mojamoja inaleta skrini ya bluu yenye maandishi. Fundi wa hapa anasema nimpe elfu ishirini aipige Windows. Majina ya wakulima wote, kilo zao na namba zao za akaunti za benki zimo humo. Nimpe?

JIBU: Usimpe bado, dada yangu. Kupiga Windows, yaani kuiweka upya, kunaweza kuiamsha hiyo mashine, hilo silibishi, lakini mafundi wengi wakipiga Windows wanaanza kwa kufuta C yote, ile sehemu ya diski yenye Windows na mafaili yako. Orodha ya wakulima ikishafutwa hivyo, kuirudisha ni kazi nyingine, ina gharama nyingine, na haina uhakika. Toa mafaili kwanza, mashine itafuata. Kazi yenyewe utaifanya hapohapo ofisini, bila bisibisi na bila intaneti.

Umeeleza vizuri kuliko wateja wengi wanaotufikia hapa Mtwara mjini na neno moja tu, "haiwaki", kwa hiyo tuyatumie hayo maelezo yako. Laptopu ikiwashwa hupita vituo. Umeme unafika kwenye bodi. Programu ndogo iliyomo kwenye bodi yenyewe, inayoitwa BIOS, inakagua RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi), skrini na diski (ghala la mafaili). BIOS ikiridhika inaikabidhi kazi diski, diski inapakia Windows, ndipo unaona mahali pa kuandika nenosiri. Ya kwako inaleta nembo na maandishi yanasomeka, maana yake umeme unaingia, skrini ni nzima na bodi inafanya kazi. Nukta zikianza kuzunguka, tayari Windows imeanza kusomwa kutoka kwenye diski, kwa hiyo diski nayo inaonekana. Mtu akisikia maelezo haya halafu akakwambia "madabodi imeungua", mshukuru, chukua laptopu yako uondoke.

Wanabaki washukiwa wawili: Windows iliyokatishwa katikati ya apdeti, au diski iliyoanza kuchoka. Mimi naegemea wa kwanza kwa sababu ya ule umeme. Apdeti inabadilisha mafaili ya ndani ya Windows yenyewe. Umeme ukikatika, nusu yanabaki ya zamani na nusu mapya, Windows ikitaka kuamka inakuta hayapatani, inaanguka, inajaribu tena. Ikishindwa mara mbili mfululizo, ya tatu inajipeleka yenyewe kwenye ukarabati, na ndiyo hayo maandishi unayoyaona. Haihitaji kirusi wala diski mbovu ili hali hii itokee. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya Marekani, CrowdStrike, ilisambaza faili lenye kasoro, na kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani zikawa zinafanya hivihivi: zinawaka, zinaanguka, zinawaka tena. Safari za ndege ziliahirishwa nchi kwa nchi. Diski zilikuwa nzima na mafaili ya watu yalikuwemo. Dawa ilikuwa kuingia kwa mlango wa pembeni na kulifuta faili lile.

Diski nayo siitoi kwenye mashaka. Hiyo ni mashine ya mwaka 2016 hivi, na kama ndani ina diski ya zile za kuzunguka, sijui imeshapanda pikipiki ngapi. Iwashe, weka sikio pale unapoegemeza viganja ukiandika. Ukisikia "tik, tik, tik" inayojirudia kwa mpangilio, au kitu kinaanza kuzunguka, kinakata, kinaanza tena, zima hapohapo. Usifanye lolote katika haya yanayofuata, nenda moja kwa moja kwenye aya mbili za mwisho. Ukisikia mvumo laini au kimya, tuendelee.

Chomoa kila kitu: modemu, mausi, printa, kadi ya kumbukumbu. Chomoa na chaja. Shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki kwenye bodi uishe, kisha rudisha chaja. Hii peke yake mara nyingi huponya mashine zilizoganda. Kwa yako sitegemei sana, ila haigharimu kitu. Na kwa kuwa betri haipo, chagua saa ambayo umeme umetulia, au azima UPS, kile kifaa kinachoshikilia umeme kwa muda ukikatika. Gesi ya kuzalisha umeme tunaitoa wenyewe Mnazi Bay, hukuhuku Mtwara, lakini umeme ukiamua kukatika haujali wilaya.

Sasa mafaili. Tafuta flashi tupu, GB 32 inatosha sana kwa kazi ya Excel, na uichomeke kabla hujawasha. Washa, acha "Preparing Automatic Repair" ipite mpaka iseme imeshindwa, kisha bonyeza "Advanced options". Kama haifiki hapo, ikatishe mwenyewe: nukta zikianza tu, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime. Rudia mara ya pili. Ya tatu iache.

Utaletewa ukurasa wa bluu wenye miraba. Ingia "Troubleshoot", halafu "Advanced options", halafu "Command Prompt". Njiani utapishana na mraba ulioandikwa "Reset this PC". Huo usiuguse leo, hata ukikuahidi kwamba mafaili yako yatabaki. Programu zote zitaondoka, na ukikwama katikati kwenye diski inayoumwa utakuwa umeongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

Huenda ikakuuliza nenosiri. Andika lile la kila siku. Ikikubali, linafunguka dirisha jeusi lenye maandishi meupe. Andika notepad, bonyeza Enter. Itakuja ile programu ndogo ya kuandikia, ileile unayoijua. Nenda "File", kisha "Open". Hicho kidirisha cha kufungulia faili ndicho tunachokitaka, kwa sababu kinakuonyesha diski nzima hata kama Windows yenyewe haiwaki. Pale chini pameandikwa "Text Documents". Badilisha iwe "All Files", la sivyo Excel zako hazitaonekana na utadhani zimefutika; nimeshaona mtu akilia kwa hilo. Upande wa kushoto bonyeza "This PC". Diski unayoijua kwa jina la C inaweza kujiita D au E humu ndani, usishtuke, fungua ile yenye folda ya Users. Ndani yake tafuta jina la akaunti yako, kisha Desktop, Documents na Downloads. Bonyeza kitufe cha kulia juu ya folda, chagua "Copy". Rudi "This PC", fungua flashi, bonyeza kulia mahali patupu, chagua "Paste".

Hapo itaonekana kama imeganda. Hakuna mstari wa kijani unaosogea, hakuna asilimia, kidirisha kimekukodolea macho tu. Wengi huchomoa flashi wakati huo na kuharibu walichokuwa wameokoa. Iache. Kama flashi yako ina taa, itapepesa kwa muda wote inaoandika. Kidirisha kikianza kukubali kubonyezwa tena, kazi imekwisha. Anza na folda ya msimu huu peke yake. Kisha misimu iliyopita. Picha na video za mkutano mkuu zisubiri mwisho, maana ndizo kubwa na hakuna mkulima atakayekuja kuzidai.

Ukimaliza, chomeka flashi kwenye kompyuta nyingine, hata ya shule ya jirani, ufungue faili mojamoja la kila msimu. Fungua kweli, uone majina na kilo. Jina la faili kuonekana kwenye orodha hakuthibitishi kwamba ndani kuna kitu. Hapohapo weka nakala ya pili mahali pengine. Pitia pia barua pepe ulizotuma TANECU, chama chenu kikuu cha ushirika, na makundi ya WhatsApp ya viongozi, mara nyingi nusu ya kazi mtu anayoililia alishaituma mahali akasahau.

Kuna kizuizi kimoja kinachoweza kukuzuia njiani: skrini ikuombe namba ya tarakimu 48. Hiyo ni BitLocker, diski imefungwa kwa siri. Kama laptopu iliwahi kuingizwa akaunti ya Microsoft, namba inaweza kuwa imetunzwa huko. Ingia kwenye akaunti hiyo kwa simu kupitia aka.ms/myrecoverykey. Kama mlimwachia aliyewauzia aifungue kwa akaunti yake, mtafuteni. Bila namba hiyo hakuna fundi wa Tandahimba, wa Mtwara wala wa Kariakoo atakayeyasoma mafaili, na anayekwambia anaweza anakusudia kufuta.

Mafaili yakishakuwa salama unaweza kucheza na mashine bila moyo kukudunda. Rudi kwenye ule ukurasa wa miraba. Kwa kisa chako mimi ningeanza na "Uninstall Updates", nikachagua kuondoa ile ya mwisho ya kawaida, "quality update". Ikikubali, kuna uwezekano mkubwa laptopu iwake jioni hiyohiyo. Ikiandika kwamba inarudisha mabadiliko nyuma, iache hata saa mbili au tatu, kwa diski ya kuzunguka ni jambo la kawaida. Tatizo limetokana na kukatishwa katikati, usilirudie kwa mkono wako.

Ikigoma, jaribu "System Restore" kama kuna tarehe ya nyuma iliyohifadhiwa. Kwenye "Startup Settings", baada ya kujiwasha upya, bonyeza namba 4 uingie "Safe Mode", ambako Windows inawaka na vitu vya lazima tu. Ikifika huko na ikakaa, diski na RAM havina kesi kubwa. Kuna programu au draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa) ndiyo inayoiangusha, na wakati mwingine ni antivairasi. "Startup Repair" unaweza kuijaribu pia, ingawa ndiyo ileile inayojirudia sasa hivi na kushindwa, kwa hiyo usiipe siku nzima. Njia ya mwisho ni kurudi kwenye dirisha jeusi na kuandika chkdsk C: /f (weka herufi uliyoiona kweli, si lazima C). Hiyo inapanga upya kumbukumbu za diski zilizovurugika umeme ulipokatika. Nimeiweka mwisho makusudi. Kwenye diski inayokufa, chkdsk huifanyisha kazi nzito na inaweza kuimaliza, ndiyo maana mtu akianza nayo kabla hajanakili mafaili huwa simwelewi.

Ile skrini ya bluu, ikija tena, ipige picha. Chini kuna maneno ya herufi kubwa yaliyounganishwa kwa vistari. Yakiwa yaleyale kila mara, tunatafuta chanzo kimoja: apdeti, draiva au diski. Yakibadilika kila mara, leo hili kesho lile, naanza kuitilia shaka RAM. Na yakiwa INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, Windows inasema imeanza kuamka lakini haioni diski ilikotoka. Apdeti iliyokatika huleta hilo, ila kuna chanzo kingine ambacho mafundi hukiruka. Ndani ya laptopu kuna kibetri kidogo cha volti 3 kinachotunza saa na mipangilio ya BIOS. Betri kubwa ikiwa imekufa miaka, na kibetri nacho kikichoka, umeme ukikatika BIOS inaweza kurudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Kama Windows yako ilipigwa BIOS ikiwa kwenye mpangilio mmoja wa kuongea na diski, "AHCI" au "RAID", na BIOS imerudi kwenye ule mwingine, Windows ikianza kuamka haitaiona diski. Dalili ni saa: ukiingia BIOS, kwa HP ni kugongagonga F10 unapowasha, ukakuta tarehe ya miaka ya nyuma, basi kibetri ndicho mtuhumiwa. Hapo huenda ukabadilisha mpangilio mmoja tu na mashine ikawaka, na elfu ishirini yako ipo mfukoni. HP ikikosa kabisa diski ya kuanzia huandika "Boot Device Not Found" na namba 3F0. Nayo hiyo si hukumu ya kifo cha diski, inaweza kuwa Windows ilipigwa kwa mtindo wa zamani, "Legacy", na BIOS imerudi kwenye ule wa kisasa, "UEFI", au ni waya uliolegea.

Kwa wanaosoma ambao laptopu zao hazileti hata nembo, maelezo mengi ya juu hayawahusu. Isiyotoa taa yoyote, anza na chaja: iazime ya mwenzako yenye volti na wati sawa, maana chaja feki zimejaa. Yenye taa na feni lakini skrini nyeusi, kwenye HP hesabu taa ya Caps Lock inavyopepesa. Mpangilio wa kupepesa ni ujumbe, na maana yake ipo kwenye tovuti ya HP kwa modeli yako. Kwa watu wa Shangani, Mikindani, Lindi mjini na Kilwa Masoko, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni hewa ya chumvi. Ukifungua kifuniko cha chini unakuta ukoko wa kijani kwenye miguu ya soketi ya RAM. Kuchomoa RAM, kuifuta kwa spiriti safi isiyo na mafuta, kuiacha ikauke na kuirudisha mpaka ilie "kach" pande zote mbili, kumeziamsha nyingi zilizokuwa zimeandikiwa kifo. Wewe uko juu kwenye uwanda wa Makonde, chumvi haikufiki. Kwenu adui ni vumbi la ghala, na vumbi huleta joto. Joto linaizima laptopu ghafla ikiwa inafanya kazi, kwa kawaida haliileti kwenye "Automatic Repair".

Kupiga Windows kuna mahali pake. Kama umejaribu haya na bado, na mafaili umeshayathibitisha, mwite fundi wako, si mtu mbaya. Ila kabla hajaanza, jaribu kwanza kipimo cha HP chenyewe: washa huku ukigonga Esc, kisha F2, chagua kupima diski. Kikiandika imefeli, kuipiga Windows juu yake ni kupaka rangi nyumba yenye mchwa. Nunueni SSD (diski isiyo na kitu cha kuzunguka) ya GB 256, Windows ipigwe humo, na diski ya zamani mkabidhiwe ninyi mkononi. Muulize pia anapiga Windows ipi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na 840 G3 ina prosesa ya Intel ya kizazi cha 6 wakati Windows 11 rasmi inaanzia cha 8. Fundi anaweza kuipitisha kwa ujanja na ikafanya kazi, lakini akwambie hivyo mapema. Na mwombeni mwenyekiti fedha ya betri. Laptopu ya ofisi inayoshika akaunti za wakulima kutokuwa na betri, kwa umeme wetu huu, ni uzembe wa chama wala si wako.

Kama ulisikia ile "tik, tik": diski inaumwa kimwili, na kila dakika inayowashwa inakaribia mwisho. Isiwashwe tena, hata "kujaribu mara moja tu". Usiigonge, usiiweke kwenye friji kama wanavyoshauriana watu mitandaoni, na usikubali mtu aifungue kifuniko chake, kwa sababu punje moja ya vumbi ndani inatosha kukwaruza. Mwambie fundi aitoe tu kwenye laptopu. Kwa 840 G3 ni kufungua kifuniko cha chini. Fundi mwenye adapta ya kuunganishia diski kwenye USB anaweza kujaribu mara moja kunakili folda ya msimu huu pekee, kuanzia hiyo. Ikikataa, aache.

Baada ya hapo ni kazi ya wanaookoa data, na hao mtawapata Dar es Salaam. Ifungwe kwenye mfuko wa plastiki, izungushiwe sponji, isafiri mkononi mwa mtu mnayemjua, isitupwe kwenye buti la basi. Kubaliana nao bei kwa maandishi kabla, na iwe ya kulipwa pale tu wanapokuonyesha orodha ya mafaili yaliyopatikana. Wasaini pia kwamba hawatabaki na nakala: humo kuna namba za akaunti za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakibana chama kama inavyombana fundi. Wakati mnasubiri, anza kuandika upya kutoka kwenye stakabadhi za karatasi, ukianza na wakulima ambao hawajalipwa.